Tunakula kwa Kiswahili, tunaagiza kwa Kiingereza

LIKIZO ya Agosti mwaka jana nilifunga safari ya kwenda Pwani pamoja na mke wangu, mjukuu wetu wa miaka 13, na dada yangu mkubwa wa miaka 74 anayeishi mjini Kajiado. Sisi wengine ni wakazi wa Kitengela. Tulipandia treni ya SGR katika kituo cha Athi River, ile inayosimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi, tukashuka Miritini, tukavuka kwa feri Likoni na kufika Diani jua likizama. Dada hakuwa ameiona bahari tangu ujana wake. Aliitazama kwa muda, akasema, "Bado iko," kisha akauliza tutakula wapi.

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Usiku wa pili tuliingia katika mkahawa mmoja wa ufuoni ambao sitautaja jina, kwa sababu kosa nitakalolieleza si lake peke yake. Mkahawa wenyewe ni wa aina ambayo siku hizi imeenea katika miji yetu ya Pwani. Hauuzi sinia moja la wali au samaki mzima kwa kila mteja. Unauza sahani ndogo ndogo, tano, sita au saba, zinazopangwa katikati ya meza, kila mtu akaonja hapa na pale. Wahispania wana mtindo huo na wanauita tapas. Waturuki na Walebanoni wana wao na wanauita meze. Wakenya wenzangu wanapoandaa sherehe nyumbani huviita vyakula hivyo 'bitings', neno ambalo Mwingereza mwenyewe akilisikia hukunja uso.

Tuliletewa menyu. Ilikuwa ya karatasi nzito, imechorwa mnazi na jahazi, na juu kabisa imeandikwa neno moja la Kiswahili: Karibu. Baada ya hapo Kiswahili kilikoma. Kila kitu kingine, kuanzia kichwa cha orodha hadi onyo kuhusu karanga lililoandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa, kilikuwa kwa Kiingereza.

Dada yangu alitoa miwani mkobani, akaivaa, akaishika menyu ile kwa mikono miwili kama anavyoshika gazeti. Lazima nieleze kwamba dada huyu ni msomaji. Aliuza duka Kajiado kwa zaidi ya miaka 30, akiweka hesabu zake kwa Kiswahili, na gazeti hili analisoma kila siku mpaka matangazo ya vifo. Aliigeuza menyu, akatazama nyuma, akairudisha mbele. Kisha akaivua miwani na kusema polepole, "Mimi nitakula mtakachokula nyinyi."

Mwenzangu, umewahi kumsikia mtu mzima, mwenye pesa zake na njaa yake, akisema hivyo? Hayo ni maneno ya mtoto, au ya mgonjwa.

Mjukuu wetu aliona, akasogea kumsaidia. "Shosho, usijali, nitakusomea. Hapa wanasema kuna… kunde za njiwa ndani ya maziwa ya nazi."

Dada alishtuka. "Njiwa? Mimi sili njiwa."

Nilichukua menyu nikatazama. Zilikuwa mbaazi. Mbaazi za nazi! Kiingereza kimeipa mbaazi jina la njiwa, na mtoto wetu aliyefundishwa Kiswahili tangu darasa la kwanza alitafsiri neno kwa neno, kwa sababu alilijua jina la Kiingereza na hakulijua la Kiswahili. Basi mama wa Kajiado alikuwa karibu kukataa chakula ambacho amekila maisha yake yote, katika mji wa Waswahili na Wadigo, kwa sababu ya ndege ambaye hakuwemo chunguni.

Chakula chenyewe

Mhakiki wa haki hutenganisha mambo, kwa hiyo nianze kwa kusifu. Chakula kilikuwa kizuri. Mishkaki ilichomwa kwa makaa, si kwa gesi, na ule mchuzi wa ukwaju uliopakwa juu ulikuwa na uchachu wa kuamsha ulimi bila kuufunga. Kachri za muhogo zilikatika kwa mlio, zimenyunyiziwa pilipili na ndimu. Viazi karai vilikuwa vya moto na unga wake mwembamba. Pweza ndiye aliyekuwa mfalme wa meza: laini, amepikwa kwa tui zito mpaka mchuzi ukamshikilia. Mbaazi, zile za njiwa, ndizo zilizoniudhi kidogo, kwani tui lake lilikuwa jepesi kama maji ya kuoshea sufuria.

Nilimwambia mhudumu hivyo. Alikuwa kijana wa Kwale, mwenye adabu, aliyekuwa ametuamkia "Shikamoo" mmoja mmoja kabla ya kurudi kwenye Kiingereza cha kazini. Nilipomsemesha kwa Kiswahili alitazama nyuma kidogo, kama anayehakikisha meneja hayupo, kisha akainama.

"Ni kweli, mzee. Nyanyangu angeionja hii angecheka. Yeye mbaazi hazitii tui la pili mwishoni. Huanza na tui jepesi, zikiiva ndipo huzitia kasimile."

Kasimile! Msomaji wangu, nilikuwa sijalisikia neno hilo likitamkwa mdomoni mwa mtu kwa miaka mingi. Kasimile ni tui la kwanza, lile zito linalokamuliwa kabla nazi haijaongezwa maji. Katika menyu ile, kasimile na tui la pili yote yalikuwa kitu kimoja: maziwa ya nazi. Lugha ya mgeni haikuwa na haja ya kutofautisha, kwa hiyo tofauti ikafutwa, na sidhani kuwa ni sadfa kwamba ilifutwa na chunguni pia. Mpishi asiyekuwa na majina mawili ya tui atalikumbukaje la pili?

Kijana aliendelea, sasa bila woga. "Nyanyangu hukaa juu ya mbuzi tangu asubuhi, akuna nazi zake mwenyewe."

Mjukuu wetu alifunika mdomo. "Anakalia mbuzi?"

Tulicheka sote, na dada yangu ndiye aliyecheka zaidi. Nikamweleza mtoto kwamba mbuzi ni kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho mtu hukikalia akakunia nazi. Huko Kitengela tunasema mbuzi huyu, kwa ngeli ya viumbe hai. Hapa Pwani wana mbuzi huyu na wana mbuzi hii. Dada akamaliza somo kwa ufupi kuliko mimi: "Kwetu mbuzi analiwa. Hapa mbuzi inakuna."

Somo zuri la ngeli kuliko yote niliyowahi kulisikia lilifanyika mezani, na menyu haikuchangia hata neno moja.

Visahani?

Tulipokuwa tukinywa kahawa, kijana yule aliniuliza swali lililonivua nguo. Mke wangu alikuwa amemwambia kazi yangu.

"Sasa Profesa, hizi sahani ndogo ndogo, tungeziandika vipi kwa Kiswahili?"

Nilijibu upesi, kama anayejua. "Visahani."

Alifikiri kidogo. Akaingiza mkono chini ya kikombe changu cha kahawa, akainua kile kilichokuwa chini yake. "Hiki si ndicho kisahani?"

Alikuwa sahihi, nami nilikuwa nimekosea mbele ya mke wangu. Ni kweli kwamba sarufi inatupa viambishi ki- na vi- vya udogo: mto huwa kijito, mlima huwa kilima. Lakini umbo likishaajiriwa na jamii kwa kazi maalum, haliajiriki tena kirahisi kwa kazi nyingine. Kilima si mlima mdogo tu, ni kitu chake. Kisahani vilevile kina kazi yake chini ya kikombe. Ukiandika "Visahani" kwenye menyu, mteja atasubiri chai.

Nilijaribu tena kichwani. Vijisahani? Hapo pananuka dharau, kama unavyosema kijitu au vijineno. Tusahani? Huo ndio udogo tunaousikia Kitengela kila siku, "niongezee kanyama," "tupee tuchai," na mimi kwa miaka mingi nimeupiga kalamu nyekundu katika insha za wanafunzi kwa kuwa viambishi ka- na tu- havikubaliki katika Kiswahili sanifu. Sikuweza kumpa mtu wa Kwale kile nilichowanyima vijana wa bara.

Nikahamia msamiati. Kumbwe? Neno hilo limo katika vitabu vya shule na lina maana ya vitu vidogo vya kula kati ya mlo na mlo. Nimewaona watahiniwa wakiliandika katika insha. Sijamsikia binadamu akiliagiza hotelini. Vitafunio, au vitafunwa kama wengine wanavyopenda? Neno zuri, linaishi, lakini masikioni mwetu limeshikamana na chai: mandazi, mahamri, chapati. Pweza wa kasimile si kitafunio. Vionjo? Neno hili linatokana na kuonja, lakini sisi wahakiki wa fasihi tumelipandisha ghorofani, tukaliweka kwenye vionjo vya ushairi na utendi, na sasa linaona haya kurudi jikoni. Kitoweo? Kitoweo huhitaji mwenzake, wali au ugali, kitu cha kutowelea. Chenyewe hakijisimamii.

Asusa ndilo neno nililolikumbuka mwisho. Watanzania wanalo na wanalitumia. Asusa ni kitu kidogo cha kuonjaonja, aghalabu kabla ya chakula au pamoja na kinywaji: mshikaki mmoja, karanga, vipande vya samaki. Hilo kwa hakika ndilo linalokaribia zaidi tapas ya Wahispania. Ubaya wake ni kwamba wengi wa Wakenya hawalijui, na wanaolijua hulinusa harufu ya baa. Dada yangu, mwanachama wa muda mrefu wa umoja wa akina mama kanisani, aliponiuliza maana yake nikamweleza, alisema, "Hilo waachie wao."

Kijana alisubiri nimalize. Kisha akasema, bila kujigamba, "Sisi nyumbani mtu akila hivi, hiki kidogo na kile kidogo, twasema adonoa."

Kudonoa! Kuku hudonoa, ndege hudonoa, na mtu asiyetaka kushiba upesi hudonoa. Vya kudonoa. Sijui kama ndilo jina bora, ila najua kwamba nililipata kwa mhudumu wala si katika makabati yangu.

Tulianza lini?

Wapo watakaosema kwamba mtindo wenyewe ni wa kigeni, hivyo si ajabu ukaja na lugha yake. Hoja hiyo haina miguu. Mwaka 1331 msafiri kutoka Moroko, Ibn Battuta, alipita katika pwani hii yetu akielekea Mombasa na Kilwa. Alipopokewa Mogadishu aliandaliwa chakula, naye hakukisahau. Anaeleza juu ya wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika sahani kubwa ya mti, na pamoja nao vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni paliwekwa vyombo vingine: ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa mgando, achari ya ndimu, tangawizi mbichi, maembe. Mlaji alikula tonge la wali, kisha akaonja kidogo cha hiki na kidogo cha kile.

Huo ni mpangilio wa vyombo vidogo vingi mbele ya walaji wengi, karibu miaka 700 iliyopita. Aliyeupanga hakuwa amefika Uhispania. Na leo ukienda Forodhani, Unguja, jioni, au ukikaa ukutani pale Mama Ngina, Mombasa, ukanunua viazi karai kwa huyu, muhogo kwa yule na dafu kwa wa tatu, unafanya jambo lilelile. Sahani ndogo si mgeni Pwani. Mgeni ni menyu.

Dhambi yangu

Ni rahisi kumlaumu mwenye mkahawa, na lawama yake ipo. Lakini tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza nani aliyemfukuza Kiswahili mezani, na jibu linaishia kwenye mlango wa ofisi yangu.

Mwaka wa kwanza wa kazi yangu ya ualimu nilimkata mwanafunzi alama kwa kuandika "nyama choma". Nilimwandikia pembeni: sema nyama ya kuchoma, au nyama iliyochomwa. Nilikuwa na sababu zangu za kisarufi. Nomino ikifuatwa na shina tupu la kitenzi, bila kiunganishi, si muundo tunaoufundisha. Lakini sikumsikiliza Mswahili. Pwani, ambako sisi wa bara tunakuchukulia kuwa chemchemi ya usanifu, wanasema viazi karai, si viazi vya karai. Wanasema wali nazi. Dar es Salaam wanasema wali maharage na chipsi mayai. Lugha ya chakula, kuanzia Lamu hadi Kitengela, huangusha kiunganishi kwa sababu mwenye njaa ana haraka na mpishi ana moto. Hilo si kosa, ni kanuni ya sajili hiyo. Sisi wenyewe tunawafundisha wanafunzi wa sekondari sajili ya hotelini kwa mfano wa mhudumu anayeuliza, "Nani ugali matumbo?" na mteja akajibu "Ni mimi," bila yeyote kushangaa mtu kuwa matumbo. Tunaifundisha kama kichekesho, kisha tunarudi kuisahihisha.

Na tulitoa nini badala yake? Tulitoa chamcha na chajio. Sina ugomvi na waliobuni maneno hayo, kwani yamejengwa kwa ustadi: chakula cha mchana kikafupishwa, chakula cha jioni vilevile. Nimeyatumia mwenyewe katika hotuba. Lakini nimeishi Kitengela kwa miaka 22 na bado sijasikia mtu akimwita mwenzake, "Njoo tule chajio." Wanasema saper, au wanasema chakula. Tuliyakataa maneno yaliyokuwa hai kwa kuwa hayakuwa safi, tukaleta yaliyokuwa safi ambayo hayakupata pumzi. Katikati yake pakabaki nafasi tupu, na mwenye mkahawa anayetaka kuchapisha menyu haraka hawezi kusubiri kamati. Aliijaza nafasi hiyo kwa Kiingereza.

Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 hakuwa na kamusi ya Kiswahili ya kufungua. Ilimbidi awasikilize watu, na kamusi yake iliyochapishwa London mwaka 1882 ilitokana na kusikiliza huko. Sisi tuna kamusi nyingi, ikiwemo Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na pengine ndiyo sababu tumeacha kusikiliza.

Kitengela, Jumamosi

Wiki mbili baada ya kurudi, nilimwalika dada aje Kitengela tule nyama. Alipanda matatu kutoka Kajiado, akapitia Isinya, akafika saa saba. Tulikwenda mahali pa kawaida kando ya barabara ya Namanga, pale moshi unapokupokea kabla ya mwenyewe. Menyu ilikuwa ukutani, imeandikwa kwa rangi nyekundu na mkono usionyooka: Mbuzi choma. Matumbo. Supu. Mutura. Ugali. Kachumbari. Chini yake pameandikwa "Mkopo ni kesho". Neno mutura ni la Kikikuyu na kachumbari imevuka bahari kutoka Bara Hindi, na hakuna aliyehitaji kuonyeshwa pasipoti zake.

Dada hakutoa miwani. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la buchari.

"Nipimie kilo mbuzi. Hapana, si hapo, huko kwa mbavu. Nusu choma, nusu chemsha. Na usinipe mafuta matupu, nimekuona."

"Sawa, mathe. Na mutura?"

"Ka moja tuonje kwanza."

Ka moja tuonje kwanza! Niliyasikia maneno hayo nikakumbuka meza ya Diani. Mutura ulikuja umekatwakatwa juu ya ubao, chumvi pembeni, kachumbari katikati, tukasimama kuuzunguka ule ubao tukidonoa huku nyama ikiendelea kuchomwa. Vilikuwa ni vile vyakula vidogo vya kuonja vya Diani, bila mnazi kwenye karatasi. Tofauti ilikuwa moja tu: mama yule yule ambaye Pwani alisema "nitakula mtakachokula nyinyi," hapa ndiye aliyeamua sote tule nini, na sehemu gani, na imepikwaje.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Lugha ya menyu si pambo. Ni mamlaka ya mteja juu ya sahani yake. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Mimi si wakili, lakini naweza kusoma vifungu viwili kwa pamoja. Lile onyo kuhusu karanga lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya menyu ya Diani lingemsaidia nini mtu wa Kwale, au wa Kajiado, anayevimba koo akila karanga na asiyesoma Kiingereza? Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunatoa hotuba ndefu kuhusu lugha yetu kuzungumzwa na mamilioni. Baada ya hotuba hualikwa watu kwenye chakula, na kadi iliyowekwa mezani huwa kwa Kiingereza.

Najua jibu la wenye mikahawa, kwa maana meneja wa Diani alinipa nilipomsalimu nikitoka: "Wageni hawataelewa." Alilisema kwa upole na nilimjibu kwa upole. Mgeni huyo huyo aliyetoka Ulaya anaagiza tapas, sushi na pitsa bila kuuliza neno hizo zinatafsiriwaje. Anarudi kwao akisema alikwenda safari. Anakuja Nairobi akitafuta nyama choma kwa jina hilo hilo nililolikatia alama. Mgeni hushindwa na neno pale tu mwenyeji anapoona haya kulitamka. Mikahawa ya Kiitaliano iliyopo papa hapa Kenya huandika jina la chakula kwa Kiitaliano, kwa herufi kubwa, kisha chini yake maelezo mafupi kwa Kiingereza. Nani amekataza tufanye hivyo? Andika Mbaazi za nazi. Andika Pweza wa kasimile, Mishkaki ya ukwaju, Kachri za muhogo. Chini yake weka maelezo kwa Kiingereza, Kijerumani, lugha yoyote uitakayo. Mgeni ataelewa na mwenyeji atakula.

Na kichwa cha orodha? Kama unauza vinywaji, asusa ni neno la heshima na linafaa kuvushwa mpaka wa Namanga. Kama ni mkahawa wa familia, vya kudonoa au vya kuonja vinatosha. Na kama ni Kitengela, mimi sitampiga tena mtu kalamu nyekundu akiandika tuvitu twa kuonja ukutani, mradi mama aliyesimama dirishani anasoma mwenyewe na kuagiza mwenyewe.

Wenzangu wa vyuoni nawaomba jambo moja. Tuna vikao vingi vya istilahi za kompyuta na sheria, na ni vyema. Tufanye kimoja jikoni. Tumwalike nyanya wa Kwale anayejua kasimile, mchinjaji wa Kajiado anayejua majina ya kila pande la mbuzi, na muuza viazi karai wa Mombasa. Sisi tukae kimya na kuandika.

Yule kijana wa Diani nilimwachia orodha ya majina, nyuma ya risiti. Alisema atamwonyesha meneja. Kuhusu dada yangu, alipojua ninaandika haya aliniagiza kwa simu nisitumie maneno ya chuo, kwa kuwa atayasoma Jumatano akinywa chai. Nimejaribu, dada. Pale palipo na neno gumu, ni kasimile tu, na hilo umelila.